Nyanya za Bi Sikudhani na Chai ya Waheshimiwa

Ukiwahi kufika katika Jamhuri ya Heko, na mimi sikushauri, jambo la kwanza utakaloambiwa ni kwamba hatuna tatizo lolote. Limeandikwa uwanja wa ndege kwenye bango kubwa, mahali ambapo zamani palikuwa na choo. Mimi ni raia mtiifu wa nchi hii, na haya ninayoyasimulia nayasimulia kwa nia njema kabisa, wageni wasije wakapotosha. Nikipandwa na hasira katikati ya maneno mnisamehe. Ni joto tu.

Jirani yangu, ukuta kwa ukuta, anaitwa Bi Sikudhani. Mumewe, Mzee Kauzeni, alipiga tarumbeta katika bendi ya polisi ujana wake wote, na sasa mdomoni hana hata jino la kusingizia. Ugali mkavu haupiti kooni mwake. Anataka mchuzi wa nyanya, tena mzito, ugali uzame. Bila mchuzi mzee halali, na mzee asipolala anatupigia tarumbeta kwa mdomo mtupu mpaka alfajiri. Kwa hiyo Bi Sikudhani alikuwa na bustani ya nyanya nyuma ya nyumba, na mtaa mzima uliiombea dua.

Ardhi ya mtaa wetu ni kifusi. Serikali iliwahi kutujengea hospitali hapa, ikaizindua, kisha ikaibomoa ili ipate nafasi ya kujenga hospitali. Zilizobaki ni kokoto na jiwe la msingi. Sasa nyanya ziliotaje kwenye kokoto? Hapo ndipo ilipoanzia balaa yote.

Gari la taka lilifika kwetu mara ya mwisho kabla ya uchaguzi. Likapigwa picha, likaondoka bila kubeba kitu. Tangu hapo kila mtu anajua mwenyewe pa kutupa uchafu wake. Bi Sikudhani na mumewe wanakunywa chai ya rangi, strungi kavu, maana sukari ni ya watu wenye nafasi zao. Majani yaliyobaki kwenye chujio alikuwa akiyakung'uta nyuma ya nyumba, shinani mwa nyanya, kwa kuwa ndiko mlango unakotazama. Na muuza kahawa wetu, Mbwana Heri, yule anayepita jioni na dele lake akigonganisha vikombe, alikuwa akimwaga machicha ya kahawa yake chungu palepale, maana mtaro wa barabarani umeziba tangu tupate uhuru. Hakuna aliyekuwa na nia ya kuendeleza kilimo. Watu walikuwa wanatupa taka.

Lakini kile kifusi kikalainika, kikawa cheusi, minyoo wakahamia na familia zao. Nyanya zikazaa mpaka matawi yakaegemea ukuta wangu. Zilizoangukia upande wangu nilizila, na Bi Sikudhani hakuniuliza hata siku moja. Tulikuwa tunaishi vizuri kweli.

*

Siku moja msafara wa Waziri wa Mabaki, Masalia na Mengineyo, Mheshimiwa Dakta Chogo, ulikwama kwenye shimo la mtaa wetu. Shimo lile ni la siku nyingi na lina jina lake. Kwa heshima ya marehemu mwenye jina hilo sitalitaja. Magari ya nyuma yalipokuwa yakiyavuta ya mbele, Mheshimiwa akashuka kujinyoosha. Akaziona nyanya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Wasaidizi wakakohoa kwa pamoja.

"Marahaba, mheshimiwa mwanangu," akasahihisha Bi Sikudhani.

"Hizi nyanya umepewa na mradi gani?"

"Hakuna mradi. Natupa tu majani ya chai, na Mbwana Heri anamwaga machicha yake ya kahawa."

"Nani amewaidhinisha?"

"Baba, gari la taka haliji. Tufanyeje?"

Waziri akazitazama nyanya tena. Nilimwona kwa macho yangu, nikiwa juu ya ndoo upande wa pili wa ukuta, jinsi wazo lilivyomwingia. Lilimpa tabu kidogo kupita. Kisha akawageukia wasaidizi wake.

"Mmesikia? Serikali imelizuia gari la taka kwa makusudi, kwa kuona mbali, ili mama huyu apate mbolea. Andikeni!"

Wakaandika. Jioni redio ikamtangaza akihutubia, na sauti yake ilitetemeka kama ya mtu anayeaga maiti. "Ndugu wananchi! Kwa karne nzima mabeberu walikunywa chai yetu, wakaondoka na machicha! Leo tunasema basi! Machicha ni yetu! Natangaza rasmi Mpango Mkuu wa Taifa wa Machicha, na Bi Sikudhani ndiye Mama wa Machicha wa Taifa!" Makofi yakapigwa, ingawa alikuwa peke yake studio.

Bi Sikudhani alisikia habari hiyo akiwa anamenya vitunguu. Akaniuliza juu ya ukuta, "Jirani, umama huu una posho?" Nikamwambia una heshima. Akaendelea kumenya.

*

Kesho yake wakaja na waya wa miiba. Bustani ikazungushiwa, ikawekewa bango, BUSTANI YA MFANO, na ndani ya waya akawekwa Mratibu. Jina lake Bwana Fumbuka, kijana nadhifu mwenye miwani ya jua, aliyekuja na kiti chake, mwavuli wake, na mwavuli wa akiba. Kazi yake ilikuwa kuratibu. Aliratibu kuanzia asubuhi hadi jua lilipohama, kisha akahamisha kiti.

Mchana Bi Sikudhani akafika kwenye waya na bakuli lake.

"Mwanangu, nichumie nyanya za mchuzi."

"Bi mkubwa, samahani. Hizi si nyanya tena."

"Ni nini?"

"Ni vielelezo. Haviguswi mpaka Mtukufu Rais, Baba wa Yote, aje kuzindua."

"Atakuja lini?"

"Tarehe ni siri ya usalama wa taifa."

"Sasa mzee wangu ale nini?"

Bwana Fumbuka akavua miwani, akaipangusa, akasema kwa upole ambao bado unanichoma roho, "Mwambie avumilie. Vielelezo haviungwi kwenye mchuzi."

Usiku ule tarumbeta ya mdomo ililia hata majogoo wakakata tamaa.

Jambo la pili lilifuata. Wataalamu wakaja na kugundua kwamba majani ya chai ya Bi Sikudhani hayafai. Yalitoka kwenye kikombe cha mtu wa kawaida, hayana hadhi ya kuzinduliwa na Mtukufu. Mbwana Heri naye akaambiwa asimwage tena hata tone. Kahawa yake ni chungu mno, inachafua sura ya nchi, na tangu siku hiyo aitie sukari. Akaitia. Wateja wake wote wakaonja, wakatema, wakarudi majumbani, na baraza letu likabaki na kuku. Bustani ya Mfano, wakasema, italishwa machicha ya serikali.

Hapa inabidi nieleze chai ya serikali yetu, kwa sababu msomaji wa nchi nyingine anaweza kudhani chai ni chai.

Katika ofisi za Heko, majani ya chai hayatiwi kikombeni. Yanatokoswa kwenye sufuria moja na maziwa, tangawizi, iliki na sukari, mpaka yote yawe kitu kimoja. Ndiyo desturi yetu na ni tamu, siikatai. Lakini sukari inafuata cheo. Tarishi anapewa chai yenye utamu wa kubahatisha. Karani utamu anausikia. Mkurugenzi anakunywa chai inayoshika midomo, akitaka kusema neno lazima kwanza aibandue. Waziri, kijiko kinasimama chenyewe katikati ya kikombe kama askari wa gwaride. Na chai ya Mtukufu, nasikia, hainywewi. Inakatwa.

Basi gari la taka likaja. Naam, lilelile! Limeoshwa, limepakwa rangi za bendera, limefungwa king'ora. Mtaa mzima tukatoka na vikapu vyetu vya uchafu tukishangilia, akina mama wakapiga vigelegele. Dereva akatupita bila kutuangalia, akarudi kinyumenyume hadi kwenye bustani, akamwaga mlima wa majani ya chai, ya moto na yenye kunata, yakameta juani. Wakayapanga shinani mwa kila mnyanya mpaka magotini. Halafu wakaondoka, tukabaki tumeshika vikapu vyetu.

Bi Sikudhani akapenyeza mkono kwenye waya, akaokota majani kidogo, akaonja.

"Jamani, hii ina sukari. Na maziwa. Italeta sisimizi hii."

Bwana Fumbuka akasimama. Sikuwa nimewahi kumwona amesimama.

"Bi mkubwa. Hayo ni majani ya chai ya Mheshimiwa Waziri. Unasema sukari ya Mheshimiwa inaleta wadudu?"

Upepo ulitulia. Bi Sikudhani akautazama mnyanya wake, akanitazama mimi juu ya ndoo yangu.

"Sisemi hivyo," akasema.

Nami pia sikusema hivyo. Nilishuka kwenye ndoo taratibu.

*

Sisimizi walifika kabla ya magharibi. Wakafuatwa na nzi. Maziwa yakaganda, yakachacha, na harufu ikaingia majumbani bila kubisha hodi. Siku zilivyosonga wakaja majimoto, wale wadudu wekundu ambao ukishaumwa nao mara moja huhitaji tena kuelezwa walipataje jina. Wakajenga shinani mwa nyanya, wakaleta jamaa zao. Majani yakaanza kuwa manjano kutoka chini kwenda juu, na zile nyanya zilizokuwa zimeiva zikadondoka moja moja, zikaozea ndani ya waya, hatua chache kutoka kwenye sufuria iliyokuwa ikizingoja.

Tusiseme serikali ililala. Serikali yetu hailali, inakaa vikao. Kikaitwa Kikao cha Dharura kuhusu Wadudu. Kikao bila chai si kikao, kwa hiyo ikachemshwa chai, na kwa kuwa ni dharura, ikaongezwa sukari. Machicha ya kikao yakaletwa bustanini. Wadudu wakaongezeka. Kikaitwa kikao kikubwa zaidi, kikahitaji sufuria kubwa zaidi. Machicha yake yakaletwa bustanini. Wadudu wakaongezeka tena, na Waziri akaunda Kamati ya Kuchunguza kwa Nini Wadudu Wanaongezeka, na kamati ile, jamani, ilikunywa chai asubuhi, mchana na jioni!

Nilikuwa nasikia king'ora cha gari lile nikiwa kitandani, nikaufunika uso kwa mto, nikapiga kelele humohumo ndani ya mto. Ni kwa sababu ya joto, kama nilivyosema.

Ndani ya kamati alikuwemo mtu mmoja aliyependekeza machicha yaoshwe kwa maji kabla ya kuletwa. Akaulizwa maji yatatoka wapi. Mwingine akapendekeza chai ya vikao ipunguzwe sukari. Huyo alihamishiwa kituo cha mpakani kilichoko upande wa pili wa mpaka. Mwishowe kamati ikaafikiana kwamba wadudu ni dalili ya rutuba, na ikapiga picha ya pamoja.

Nikamwambia Bi Sikudhani, twende wizarani tukaseme. Mzee alikuwa amekonda, mashavu yameingia ndani. Alikuwa anachovya ugali kwenye maji ya chumvi na kuutazama mlango wa nyuma. Tukaenda. Tulipokewa vizuri mno. Tukakalishwa kwenye viti vya sponji, mbele ya mkurugenzi mwenye tabasamu lililogandishwa na chai yake ya saa nne.

"Mama wa Machicha wa Taifa! Karibu sana. Nini shida?"

"Baba, nimekuja kuomba. Nyanya zangu zinakufa. Hiyo chai yenu, msiilete tena. Nawasihi."

"Tumekusikia, mama. Tumekusikia kabisa." Akagonga meza. "Leteni chai!"

Vikaletwa vikombe viwili. Bi Sikudhani akakitazama kikombe chake, mvuke ukampanda usoni, na pale pale mbele ya mkurugenzi akalia. Hakulia kwa sauti. Machozi yalimtoka tu, na mabega yake yakatikisika ndani ya kanga.

"Nimekuja kuomba msilete chai," akaniambia mimi, si yule mkurugenzi, "nimepewa chai."

Mkurugenzi aliguswa. Akasema hajawahi kuona mwananchi akilia kwa shukrani namna ile. Tulipoinuka, tarishi akavichukua vikombe vyetu tusivyovigusa, akavichuja, akayatia majani kwenye mfuko wa bustani. Nilitaka kumpiga mtu. Sikujua nianze na nani.

*

Siku ya uzinduzi ikafika bila kutangazwa, ndivyo inavyofika. Minyanya yote ilikuwa imekauka, imesimama kama vijiti vya ufagio. Bwana Fumbuka alikuja asubuhi na mapema bila miwani, akiwa na kapu la nyanya za sokoni na donge la uzi mwekundu wa cherehani. Akazifunga nyanya kwenye matawi makavu, moja baada ya nyingine, majimoto wakimpanda shingoni. Nikiwa juu ya ndoo nilimwonea huruma kidogo. Alikuwa anafunga mafundo vizuri.

Mtukufu Baba wa Yote akashuka garini. Zulia likatandazwa hadi katikati ya bustani, na wote wakasimama wima kwa wimbo wa taifa. Sheria yetu inasema anayejitikisa wakati wa wimbo wa taifa amelitukana taifa. Na wimbo wetu ni mrefu, kwa sababu kila Mtukufu akiingia madarakani anauongezea beti zake, wala hakuna anayethubutu kupunguza za marehemu.

Beti za mwanzo zilikwenda salama. Kisha nikaona suruali ya Mtukufu inacheza kidogo kwenye goti. Uso wake haukubadilika. Ni kiongozi imara. Mguu wa kulia ukainuka wenyewe. Ukashuka. Ukainuka wa kushoto. Dakta Chogo aliona, na kwa kuwa hajapata kubaki nyuma maishani mwake, naye akainua. Mawaziri wakainua. Majenerali wakainua. Mara safu nzima inarusha miguu, inajipiga mapaja, inazunguka, machozi yakiwatoka, na mtangazaji akapaza sauti redioni, "Naam, wasikilizaji, ni ngoma mpya ya uzalendo!" Mzee Kauzeni, aliyetolewa nje kwenye kiti, alikuwa akitazama bila kupepesa. Aliniambia baadaye kwamba katika maisha yake yote ya bendi hajawahi kuona watu waliopotelewa na mdundo kiasi kile.

Wimbo ulipokwisha, Mtukufu akachuma nyanya. Uzi haukukatika. Mnyanya mzima ukang'oka, ukaja na mizizi yake mikavu, ukaning'inia mkononi mwake.

Vichwa vyote vikamgeukia Dakta Chogo.

"Mizizi imara!" akapaza sauti Dakta Chogo. "Ameikamata nchi kwenye mizizi!"

Makofi hayakuisha mpaka magari yalipoondoka.

*

Mpango ulitangazwa kuwa umefaulu, na kwa sababu umefaulu ukaenezwa nchi nzima. Bustani ya Bi Sikudhani ikamwagiwa zege, ikajengwa sanamu ya kikombe. Na ikatungwa sheria kwamba machicha yote ya Heko, ya kila nyumba, hata ya strungi, ni mali ya taifa. Sasa gari la taka linakuja kila asubuhi. Linapiga king'ora, linasimama mlango kwa mlango, linachukua majani ya chai, linaacha taka.

Bi Sikudhani alianza kununua nyanya gengeni kwa kubahatisha. Mara ya kwanza aliunga mchuzi, mzee akala, akafurahi, kisha ghafla akatia vidole mdomoni, akavuta. Ukatoka uzi mwekundu, mrefu, kama ule wa uzinduzi. Wakautazama wote wawili. Mzee akaufungia kwenye tarumbeta yake ya zamani iliyotundikwa ukutani, na akaendelea kula.

Bado nilikuwa najiuliza kwa nini Bi Sikudhani hanunui tena siku hizi, na mchuzi unanukia. Juzi nikaelewa.

King'ora kililia wakati anamimina chai. Nikapanda ndoo. Nikamwona anakung'uta chujio kwenye kiganja, anayatia majani yote mdomoni, anafunga midomo. Bwana Fumbuka, ambaye sasa amepanda cheo na anaratibu gari, akabisha hodi.

"Bi mkubwa, machicha?"

Akaonyesha chujio tupu.

"Leo hamkunywa chai?"

Akatikisa kichwa. Shavu moja lilikuwa limetuna.

"Haya. Kuna malalamiko yoyote kuhusu mpango?"

Akatikisa kichwa tena, macho yakimng'aa, maji meusi yakimchungulia pembeni mwa mdomo. Bwana Fumbuka akatamka kwa sauti huku akiandika: "Mwananchi ameridhika. Hana la kusema."

Gari lilipokata kona, Bi Sikudhani akaingia chumbani, akavuta beseni lililopasuka, lililojaa udongo, kutoka chini ya dirisha linalotazama ukuta wangu, akainama, akayatema majani taratibu shinani mwa mnyanya mmoja, mbichi, wenye nyanya tano zilizoanza kuwa nyekundu. Akaniona. Akachuma moja, akanirushia kupitia dirishani.

Kwa hiyo, mgeni, ukifika Heko asubuhi ukakuta mtaa mzima umefunga midomo, hakuna anayejibu hata salamu, usiende kwenu ukaandika kwamba hatuna tatizo lolote. Ngoja kwanza gari lipite. Hata mimi siku hizi nina beseni.